Mchumba wangu ni Msukuma, mimi ni Mchagga: nani kati yetu ana hatari ya sikoseli?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni Mchagga, baba wa Kibosho na mama wa Marangu, ila bibi mzaa mama alikuja kuolewa kutoka Muheza. Mchumba wangu ni Msukuma wa Magu. Mshenga ameshakuja, lakini mama mkubwa amesimamisha posa. Anasema watu wa Kanda ya Ziwa wana sikoseli na hataki tuiingize kwenye ukoo. Ni kweli mtoto wa dada yake mchumba wangu alifariki kwa sikoseli akiwa na miaka mitatu. Mume wa huyo dada ni mtu wa Kigoma, na ndugu zake wanasema ugonjwa ulitoka kwa mke. Mchumba wangu amekasirika, anasema yeye hapimwi kama ng'ombe wa mnadani. Je, kabila lake lina hatari kuliko langu? Mimi niko salama? Tufanyeje?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili yamefungwa pamoja: damu na heshima. Nikijibu la damu peke yake, mchumba wako ataendelea kununa na atakuwa na haki. Nikijibu la heshima peke yake, mnaweza kuoana kwa shangwe na kuja kulia wodini. Kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu.

Mama mkubwa hakosei anaposema sikoseli ni nyingi Kanda ya Ziwa. Watoto wachanga waliopimwa Mwanza, karibu mmoja kati ya watano alikuwa amebeba jeni yake. Anapokosea ni pale anapodhani wingi huo unamwambia jambo la uhakika kuhusu kijana huyu mmoja, na anakosea zaidi anapodhani wewe uko nje ya hesabu.

Tuanze na herufi. Kila mtu ana jeni mbili za kutengeneza sehemu ile ya himoglobini tunayoizungumzia hapa, himoglobini ikiwa ndiyo protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Jeni moja umepewa na mama, nyingine na baba. Ya kawaida tunaiita A, yenye hitilafu tunaiita S. Mwenye A mbili hana sikoseli. Mwenye A na S ni mbebaji: analima, anacheza mpira, anazaa, anazeeka, na wengi huzikwa wakiwa wazee bila kujua walichokibeba. Mwenye S mbili ndiye mgonjwa. Chembe zake nyekundu zikipungukiwa oksijeni hujikunja kama mundu, ndiyo maana wengine wanauita ugonjwa huu selimundu, kisha zinaziba mishipa midogo na kuvunjika mapema. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120. Hizi huishi 10 hadi 20.

Herufi hizi si zile za kundi la damu, na hapa watu wengi wanapotea. Alinijia baba mmoja na mkewe, wamembeba mtoto wa miezi tisa, vidole vya mikono yote miwili vimetuna hadi ngozi inang'aa. Kijijini walikuwa wameambiwa mtoto amerogwa na mtu aliyemshika mkono. Nilipowauliza kama kuna sikoseli kwenye familia, baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa kadi ya kuchangia damu, pembe zimekunjika, imeandikwa kundi A chanya. "Mimi ni A, daktari. Nilishapima, kwetu hakuna." Kadi ile alikuwa ameitunza miaka minane. Mtoto alikuwa SS, na yeye mwenyewe tulipompima alikuwa AS. Sitamsahau alivyoirudisha kadi mfukoni polepole, kama mtu anayeficha kitu cha aibu, na hakuwa na kosa lolote: hakuna aliyewahi kumweleza tofauti. Kwa hiyo hata ninyi, mtu akiwaambia "damu zenu zinaendana" kwa kutazama makundi ya A, B na O, mjue hajapima kitu kinachohusu sikoseli.

Sasa rudi kwa yule mtoto aliyefariki Magu. Alikuwa na S mbili, na S mbili hazitoki kwa mzazi mmoja. Moja alipewa na mama yake Msukuma, nyingine na baba yake wa Kigoma. Ndugu wa mume wanaposema ugonjwa ulitoka kwa mke wanamwonea mama aliyefiwa, na kuna hatari nyingine ndani yake: mwanamume huyo akioa mke mwingine akiamini yeye ni safi, anaweza kuzaa mgonjwa mwingine. Naomba ujumbe huu umfikie huyo dada, hata kama posa yenu itavunjika. Kina mama wengi wameachwa kwa neno hilo, na ni neno la uongo.

Kifo cha mtoto huyo ndicho kinachonieleza habari za mchumba wako, kuliko kabila lake. Dada yake lazima amebeba S. Aliipata kwa mmoja wa wazazi wao, na wazazi hao ndio wazazi wa mchumba wako, kama wamechangia baba na mama. Ikiwa mzazi mmoja tu ndiye mbebaji, uwezekano wa kijana wako kuwa AS ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Ikiwa wazazi wote wawili ni wabebaji, na yeye amekua mzima bila ugonjwa, basi ni mbili kwa tatu. Angekuwa Mmasai wa Monduli mwenye mpwa aliyekufa kwa sikoseli, ningempa namba zilezile.

Na wewe je? Umeniandikia "mimi ni Mchagga", halafu katikati ya sentensi ukapitisha bibi wa Muheza kama mtu anayepitisha mgeni mlango wa uani. Naelewa kwa nini. Kwetu ukoo ni wa baba. Bibi yako alipoolewa Marangu watoto wake wakawa Wachagga, na wewe ni Mchagga wa Kibosho kwa baba yako. Hilo ni kweli la kijamii na silipingi. Lakini jeni hazifuati ukoo wa baba wala hazijui mahari ilipokelewa wapi. Robo ya urithi wako, kwa kukadiria, umetoka kwa bibi huyo, na wilaya ya Muheza ni mojawapo ya sehemu za nchi hii ambazo malaria ilikita mizizi tangu zamani. Kama alibeba S, ilikuwa na nafasi ya kumfikia mama yako, na kutoka kwa mama yako kukufikia wewe. Hata babu na bibi zako wengine watatu siwezi kuwafuta kwenye hesabu. Milimani S ni chache. Chache si sawa na hakuna.

Nimetaja malaria, na hapo ndipo penye kiini cha swali lako la kabila. Mwaka 1949 wataalamu wawili, Lehmann na Raper, walipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Uganda. Wakakuta tofauti kubwa mno: makabila mengine wabebaji walikuwa wachache sana, lakini kwa Waamba walio chini ya milima ya Ruwenzori walifika takriban 45 kati ya 100. Hawa walikuwa watu wa zama zao, na zama zile kila kitu kilisomwa kwa kabila na "mbari". Wakaitafsiri damu kama ushahidi wa asili za makabila, nani ni ndugu wa nani na nani alitoka wapi. Mwaka huohuo kijana aliyelelewa Kenya na ambaye bado alikuwa mwanafunzi, Anthony Allison, alikuwa akikusanya damu Kenya na kuliona jambo kwa njia nyingine. Watu wa pwani na watu wa kando ya Ziwa Victoria, ambao lugha zao na asili zao hazifanani kabisa, walikuwa na wabebaji wengi, zaidi ya 20 kati ya 100. Watu wa nyanda za juu walikuwa chini ya mmoja kati ya 100. Kilichowaunganisha watu wa pwani na watu wa ziwani hakikuwa ukoo. Ni mbu.

Mtu mwenye AS hapati kinga kamili ya malaria, ila malaria kali haimwui kwa urahisi. Miaka elfu na elfu watoto wenye AA walikufa kwa homa, wenye SS walikufa kwa sikoseli, na wenye AS wakabaki kuzaa. Mahali penye mbu wengi S ikaongezeka, mahali pa baridi haikuwa na faida ikabaki kidogo. Ukipanda kutoka tambarare za chini kwenda juu Usambara au Kilimanjaro, wabebaji wanapungua kadiri hewa inavyopoa.

Allison alithibitisha hoja yake kwa jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa. Alichukua wanaume 30 wa Kijaluo, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Katika wasio wabebaji 14 waliugua, katika wabebaji wawili tu. Aliyachapisha mwaka 1954, na tangu hapo matokeo hayo yamefundishwa duniani kote. Mimi mwenyewe nimeyafundisha. Lakini kila nikifika hapo huwaambia wanafunzi wangu wawafikirie wale 30, na hasa 16 waliougua malaria waliyopewa na daktari, chini ya serikali ya kikoloni. Maandishi yanasema walijitolea. Maarifa ninayokupa leo yametoka kwenye miili yao, na ni haki uyapokee ukijua hivyo.

Kabila basi ni kama kivuli cha mahali. Linaonyesha, kwa ukungu, babu zako walilala wapi na walikaa na mbu wangapi. Na kivuli hicho chenyewe kinahama. "Sukuma" kwa Kisukuma ni kaskazini. Wenzao wa kusini wakawaita watu wa kaskazini Basukuma, nao wakawaita wa kusini Badakama. Upande wa dunia ukageuka jina la watu, kisha serikali ya kikoloni ikaliandika kwenye madaftari ya kodi na kuliwekea mipaka. Kwenu hali ni hiyohiyo: bibi wa babu yako mzaa mama angejiita Mmarangu, na Mkibosho alikuwa jirani wa kupigana naye vita. Uchagga mmoja wenye Mangi Mkuu wa wote umekuja kukomaa katikati ya karne iliyopita. Sisemi makabila ni uongo. Watu wanayaishi, wanaoana na kuzikana kwayo. Ninachosema ni kwamba jina lililokuwa likitengenezwa mbele ya macho ya babu zetu haliwezi kuwa kipimo cha damu.

Wenzetu Marekani walilipa gharama ya kosa hili. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za mgonjwa wa kwanza kuelezwa kitaalamu huko, kijana mwanafunzi kutoka Grenada, mtu mweusi. Kwa kuwa wagonjwa waliofuata nao walikuwa weusi, madaktari wakaamini huu ni ugonjwa wa damu nyeusi. Alipotokea mgonjwa mwenye asili ya Italia au Ugiriki, hawakujiuliza kama imani yao ina kasoro. Walimtafutia babu mweusi aliyefichwa. Kumbe S ipo Sicily, ipo mji wa Orchomenos huko Ugiriki, ipo kwa watu wa milima ya Nilgiri kusini mwa India, ipo Qatif Saudia, ipo Oman. Mwaka 1972 Marekani ikapitisha sheria ya kupambana na sikoseli, na majimbo kadhaa yalilazimisha watu weusi kupimwa bila hata kuwaeleza tofauti ya mbebaji na mgonjwa. Watu wazima wenye AS, wasioumwa chochote, wakanyimwa kazi na bima. Chuo cha jeshi la anga kiliwafungia mlango wabebaji hadi 1981. Huko kipimo kilitangulia na maelezo hayakufuata.

Ndiyo maana hasira ya mchumba wako siichukulii kama ukaidi. Msukuma katika nchi hii amechoka kuitwa mshamba. Sasa anaambiwa hata damu yake ni mbovu, tena na familia ambayo haijajipima. Ukimwambia "nenda kapime" unamweka kizimbani peke yake. Kipimo hiki ni cha watu wawili. Jibu la mmoja bila la mwenzake halina maana, isipokuwa mmoja wenu akiwa AA.

Nataka nikuonyeshe pia jinsi namba inavyobadilika, kwa sababu Kiswahili chetu kinatumia neno hilohilo, hatari, kwa simba aliye mlangoni na kwa tarakimu iliyo kwenye karatasi. Tuseme uwezekano wa mchumba wako kuwa AS ni 1 kwa 2. Wako tuukadirie 1 kwa 10, kwa mfano tu. Mkiwa wote AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 kuwa ya mtoto mgonjwa. Zidisha zote upate 1 kwa 80. Namba hiyo haimhusu mtoto wenu yeyote, ni kipimo cha kutojua kwetu. Siku mkipima itatoweka, na badala yake mtapata moja kati ya mbili: hakuna mtoto wa SS atakayetokana nanyi, au 1 kwa 4 kila mimba. Na 1 kwa 4 haina zamu. Nimeona familia yenye watoto wanne wote wazima, na nimeona yenye watatu, wote wagonjwa.

Mkifika maabara ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kinachotoa jibu la AA, AS au SS. Kuna kipimo cha zamani na cha bei rahisi kinachoonyesha tu kama chembe zinajikunja. Hicho hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, wala hakionyeshi hitilafu nyingine za himoglobini. Kama mmoja wenu ameongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita aseme, maana jibu linaweza kuwa la aliyemchangia. Na mkipewa fomu yenye mstari wa kabila, jazeni mkipenda. Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kuuliza kabila baada tu ya umri, na nimeliandika maelfu ya mara. Siku hizi nauliza babu na bibi wote wanne walikulia wapi, na nani kwenye familia alikufa mdogo. Majibu yake yananisaidia zaidi.

Ikitokea wote ni AS, sitakuambia msioane. Hilo si la daktari. Saudia tangu 2004 kupima kabla ya ndoa ni sharti la kisheria, na Nigeria vijana wengi huulizana AA au AS kabla ya mapenzi kukolea. Lakini hata huko uamuzi wa mwisho hubaki kwa wawili. Nitakuambia ukweli wa pande zote mbili. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na pasipo matibabu wengi wao hawafiki miaka mitano. Panapo matibabu mambo ni mengine kabisa: mtoto akipimwa wiki za mwanzo, akipewa penisilini asubuhi na jioni hadi miaka mitano, chanjo zote, kinga ya malaria, maana SS haimkingi kama AS bali malaria humwua haraka, na baadaye dawa iitwayo haidroksiyurea, anasoma, anafanya kazi, anaoa. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imeanza hata kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye sikoseli, ingawa bado ni kwa wachache na inahitaji ndugu anayefanana naye. Ila mjue mtakuwa wazazi wasiolala homa ikipanda. Kina mama wa kliniki yetu tunawafundisha kupapasa bandama la mtoto: vidole vinne chini ya mbavu za kushoto, kila siku wakati wa kumwogesha. Likivimba ghafla na mtoto akapauka, ni kukimbia hospitali usiku huohuo. Mama mmoja alinishika mkono akauweka mwenyewe kwenye tumbo la mwanawe ili nihakikishe anapapasa panapostahili. Mtoto yule sasa yuko darasa la sita.

Limebaki la mama mkubwa, na hapa nakuomba uende kwa adabu. Alichofanya ni kile ambacho wazee wetu wamefanya siku zote kabla ya posa kupokelewa, kuchunguza ukoo. Walitafuta kifafa, wendawazimu, hata ukoma, ingawa huo haurithiwi. Si ujinga, ni wao waliotambua kabla ya sisi kwamba baadhi ya magonjwa hurithiwa. Kasoro ni kwamba uchunguzi wake umemtazama mgeni tu, tena kwa jina la kabila lake. Lakini huyo ni dada wa mama yako. Yule bibi wa Muheza ndiye aliyemzaa. Robo unayoibeba wewe, yeye anaibeba nusu.

Kaa naye jikoni, usimbishie. Muulize mama yake alizaliwa na ndugu wangapi huko Muheza, na kama kuna waliokufa wadogo, wenye macho ya manjano, waliolia mifupa wakati wa baridi. Hayo hayako kwenye faili la hospitali yoyote. Kama bado yanakumbukwa, yeye ndiye wa kuulizwa, na kwa kuwa ni mzee, muulize mapema. Kisha mwambie mnakwenda kupima wote wawili, siku moja, na kwamba ungependa yeye naye apime.